Kufua Patasi Yako Mwenyewe: Uhunzi kwa Seremala Anayeanza

Mpingo ukikauka vizuri, mita moja ya ujazo ya kiini chake huwa na uzito unaozidi kilo 1,200, na ndiyo maana kipande chake huzama kikitiwa majini. Mvule si mzito kiasi hicho, lakini ndani yake hujijenga vijiwe vya chokaa ambavyo fundi havioni mpaka patasi imegonga. Mtiki nao, unaopandwa siku hizi katika mashamba mengi ya Tanzania, una chembe za silika zinazokula makali hata pale mkono unapodhani kuwa mbao ni laini. Anayechonga miti ya namna hii kwa patasi za bei nafuu zilizojaa madukani hutumia muda mwingi kwenye kinoo kuliko kwenye mbao. Ncha ikiwa laini mno hujikunja, ikiwa ngumu mno humeguka, na mwenye patasi hubaki akinoa tena na tena kwa sababu ugumu wa chuma kile ulikwisha kuamuliwa kiwandani na mtu asiyeujua mti utakaochongwa.

Sababu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye uhunzi. Mimi ni seremala, nina karakana ndogo Moshi, na sikutoka katika ukoo wa wahunzi. Nalisema hili kwa kuwa katika sehemu nyingi za nchi yetu ufundi wa chuma ulirithiwa ndani ya ukoo: kule Ugweno, katika milima ya Upare Kaskazini, ulikuwa kazi ya Washana, na chuma chao kilifika kwa Wachagga kuwa majembe, mikuki na mashoka. Huku kwetu, Mamba karibu na Marangu, bado wako wahunzi wanaopuliza moto kwa viriba vya ngozi ya mbuzi na kufua mikuki mbele ya wageni. Nilikwenda kuketi na mzee mmoja wa huko, nikamweleza kwamba sitaki mkuki bali patasi. Hakushangaa hata kidogo. Alinionyesha tezo yake ya kuchongea mipini, iliyofuliwa kwa mkono wake, na kwa saa nzima hatukuzungumza jambo lingine ila namna alivyoipa ncha yake ugumu.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho nimekithibitisha kila mara tangu siku hiyo. Kuipa patasi umbo ni sehemu fupi ya kazi, na mtu mwenye subira hulipata umbo linaloridhisha mapema kuliko anavyotarajia. Kazi yenyewe imo katika dakika chache za mwisho, pale chuma kinapopashwa, kinapozimwa, yaani kupozwa ghafla, kwenye mafuta na kupashwa tena kwa moto mdogo. Anayeanza akiziheshimu dakika hizo, patasi yake ya kwanza, hata ikiwa na makovu ya nyundo mwili mzima, inaweza kushika makali kuliko ile inayong'aa dukani.

Tuanze na chuma chenyewe, kwa sababu hakuna moto unaoweza kukipa chuma kile ambacho hakimo ndani yake. Kinachokifanya chuma kiwe kigumu baada ya kuzimwa ni kaboni. Nondo ya ujenzi ina kaboni kidogo mno. Utaipasha na kuizima upendavyo, lakini haitashika makali ya kuchonga mpingo. Springi za bapa, zile zinazopangwa moja juu ya nyingine chini ya lori, huwa na kaboni inayokaribia asilimia 0.6 pamoja na kromiamu kidogo, na kwa anayeanza sijaona chuma kinachofaa kuliko hicho. Kinakubali kuzimwa kwenye mafuta, kinavumilia joto lililozidi kidogo, na kinapatikana katika kila mji wenye gereji. Tupa nzuri ya zamani ina kaboni nyingi zaidi, hata kupita asilimia 1, na hutoa makali ya ajabu, lakini ni chuma chenye hasira: joto likizidi kinaharibika, na meno yake yasiposagwa yote kabla ya kufuliwa huacha mikunjo inayogeuka kuwa nyufa. Tupa ingoje mpaka mkono umezoea.

Wauzaji wa vyuma chakavu hawajui daraja la chuma wanachouza, na haiwezekani kuwalaumu. Ninachokifanya ni kugusisha kipande kwenye grenda na kutazama cheche. Chuma chenye kaboni ya kutosha hutoa cheche zinazopasuka na kuchanua matawi mengi karibu na jiwe, ilhali za nondo huruka mbali zikiwa mistari mirefu yenye matawi machache. Kisha nakata kipande kidogo, nakipasha mpaka sumaku isikishike, nakizima, nakibana kwenye jiriwa na kukipiga nyundo nikiwa nimevaa miwani ya kinga. Kikikatika ghafla, chuma kinafaa, na sura ya mahali kilipokatikia inasema mengi: punje zikiwa laini za kijivu kiasi cha kutoonekana kwa jicho, joto lilikuwa sawa, zikionekana kama sukari, joto lilizidi. Jaribio hili lina thamani kubwa, na ninamshauri kila anayeanza alirudie mpaka aweze kuutambua moto kwa macho.

Springi iliyotumika miaka mingi inaweza kuwa na nyufa zilizoanzia barabarani, kwa hiyo ni heri kununua vipande vilivyobaki kwa mafundi wanaokata springi mpya. Isitoshe, uliza chuma kimetoka wapi. Mwezi Januari 2022 serikali ya Kenya ilisitisha biashara yote ya vyuma chakavu kutokana na hujuma dhidi ya miundombinu ya nchi, na kila fundi mwaminifu wa jua kali aliumia pamoja na wezi. Wapo wanaosifu kipande cha reli kwa kufanyia fuawe. Mimi sikitumii, kwa kuwa reli haiuzwi na mtu yeyote mtaani kwa haki. Fuawe yangu ni kichwa cha nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, kilichozamishwa wima kwenye gogo lililosimikwa ardhini. Uso wake ni mdogo, lakini nyundo nayo huangukia mahali padogo, na kwa patasi panatosha.

Tanuri halihitaji fahari. Shimo lililokandikwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu, kina cha sentimita 15 hivi, na bomba la chuma linaloingiza upepo ubavuni, vinatosha kukifikisha chuma kwenye rangi ya chungwa kwa mkaa wa kawaida wa kupikia. Mkaa uvunjwe vipande vinavyolingana na kokwa za embe changa au vidogo zaidi, upangwe juu na chini ya chuma, kisha upepo uwe wa wastani. Hapa ndipo anayeanza hupenda kupuliza kupita kiasi, akidhani moto unaonguruma ndio moto mzuri, kumbe upepo uliozidi hupita kwenye mkaa bila kumalizwa, ukakila chuma na kukiachia magamba mazito. Kule Katuruka, mkoani Kagera, wanaakiolojia wamefukua mabaki ya tanuri za kuyeyushia mawe ya chuma zilizotumika katika milenia ya kwanza ya Enzi ya Chuma, na mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walitoa hoja kwamba mabomba ya udongo yaliyoingizwa ndani kabisa ya tanuri za Wahaya yaliupasha upepo kabla haujaukuta mkaa. Wataalamu wengine wameipinga hoja hiyo, nami si mwanaakiolojia wa kuamua. Linalonigusa ni kwamba watu wa kwetu walitoa chuma chenye kaboni kwa kuutawala upepo, na mtu anayepuliza moto wake leo kwa mashine ya kukaushia nywele anashughulika na jambo lile lile.

Kabla ya kuwasha, usalama. Vaa miwani, viatu vya ngozi na nguo za pamba, kwani nguo za nailoni hugandamana na ngozi zikishika moto. Usitie motoni bati wala bomba lililopakwa zinki, maana mvuke wake huleta homa kali. Usitie motoni shokapu ya gari wala kitu chochote kilichofungwa pande zote, kwa sababu mafuta na gesi iliyomo hulipuka. Mkaa usiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa.

Springi ipashwe kwanza mpaka iwe nyekundu yote, ifukiwe kwenye majivu makavu na kuachwa usiku kucha ili ipoe polepole. Asubuhi itakatika kwa msumeno wa chuma bila ugomvi. Mimi hukata ukanda wa upana wa sentimita 2.5 na urefu wa sentimita 25, na hapo ninakuwa na mali ya patasi moja nzuri. Ufuaji huanzia kwenye mkia utakaoingia katika mpini, maana mahali hapo kosa la nyundo halidhuru makali. Chuma kikifika rangi ya chungwa kinatolewa kwa koleo na kupigwa pande nne kwa zamu, kikigeuzwa robo baada ya kila mapigo machache ili kibaki na pembe nne sawa huku kikichongoka. Bega linaloachwa kati ya mkia na mwili ndilo litakaloketi juu ya mpini, na lisipokuwa na ukingo ulio sawa, mpini utapasuka siku ya kwanza seremala atakapogonga kwa nguvu.

Rangi ya moto ndiyo saa ya mhunzi. Chungwa inayong'aa, karibu nyuzi 1,050 za Selsiasi, ndio wakati wa mapigo mazito. Ikishuka kuwa nyekundu iliyofifia, mapigo yawe mepesi ya kunyoosha tu, na rangi ikipotea kabisa nyundo iwekwe chini, hata kama limebaki pigo moja tu la kukamilisha umbo. Springi inayopigwa ikiwa imepoa hupasuka ndani kwa ndani, na ufa huo hujitokeza baadaye kwenye mafuta. Upande wa pili wa hatari ni moto mweupe unaorusha cheche: chuma kilichofika hapo kimeungua, na sehemu hiyo ikatwe itupwe. Mzee wa Mamba alikuwa akifanyia kazi kivulini, kibandani, na nilidhani anakimbia jua la saa sita. Kumbe rangi ya moto haisomeki juani. Chuma kinachoonekana cheusi nje kinaweza kuwa chekundu kivulini, na anayekitazama juani hukipasha kupita kiasi kila mara.

Mwili wa patasi upunguzwe unene taratibu kuelekea nchani, lakini usifuliwe mpaka uwe makali. Ninauacha ukiwa na unene wa milimita 2 hivi pale patakapokuwa na makali, kwa sababu chuma chembamba hujipinda kikizimwa, na pia ngozi ya nje ya chuma kilichokaa motoni hupoteza kaboni yake na ni lazima iondolewe kwa kusaga. Mgongo, ule upande bapa unaolala kwenye mbao, unyooshwe kadiri macho yanavyoweza kuona. Kila dakika inayotumiwa kuunyoosha kwa nyundo ukiwa mwekundu huokoa muda mrefu sana kwenye kinoo.

Umbo likikubalika, chuma kinahitaji kutulizwa. Nyundo na moto vimeacha mivutano ndani yake, na punje zake zimekua. Kipashwe mpaka sumaku isikishike, kitolewe na kuachwa kipoe hewani bila upepo mpaka rangi itoweke yote. Kisha irudiwe hivyo mara ya pili na ya tatu. Wengi wanaoanza huiruka hatua hii kwa kuwa haionekani kufanya lolote. Hata hivyo, ndiyo inayorudisha punje ziwe ndogo, na punje ndogo ndizo zinazokubali kunolewa hadi makali ya kunyoa nywele za mkono bila kumeguka. Baada ya hapo mshazari wa ncha hukatwa kwa tupa hadi kubakiza milimita moja.

Sasa dakika zenyewe. Mafuta ya kula ya mimea, lita tatu au nne katika kopo refu la chuma lenye kifuniko karibu, yapashwe moto hadi nyuzi 50 au 60. Mafuta ya moto hukipoza chuma haraka kuliko ya baridi, kwa kuwa huwa mepesi na hutembea. Situmii oili chafu ya injini, kwani moshi wake ni sumu. Maji nayo siyatumii kwa springi, kwa kuwa huipoza kwa kishindo na kuipasua. Ninapasha sentimita 5 za mwisho za patasi polepole, upepo ukiwa mdogo, nikiisogeza mbele na nyuma ili ncha isitangulie mwili. Sumaku huacha kushika karibu nyuzi 770, na springi hutaka moto uliopanda kidogo zaidi, kati ya nyuzi 820 na 850, yaani nyekundu iliyoanza kuelekea kwenye chungwa. Rangi ikiwa moja kote, patasi huzamishwa wima, moja kwa moja, ikapandishwa na kushushwa bila kuyumbishwa kushoto na kulia. Kuyumbisha hupoza upande mmoja kabla ya mwingine, na patasi hutoka imepinda.

Ikipoa kiasi cha kushikika, ipitishe tupa nchani. Tupa ikiteleza bila kuuma, chuma kimekuwa kigumu. Ikiuma, moto haukutosha, na kazi irudiwe tangu kutuliza. Patasi iliyotoka kwenye mafuta ikiwa ngumu hivyo iko katika hali ya hatari, kwani ikianguka sakafuni inaweza kukatika vipande viwili. Ndiyo maana ni lazima ilegezwe, yaani ipashwe tena kwa moto mdogo, siku hiyo hiyo. Mwenye oveni aiweke kwenye nyuzi 220 kwa saa moja, aitoe ipoe, na kuirudisha kwa saa nyingine. Asiye na oveni aisugue kwa msasa mpaka ing'ae, kisha aupashe mwili wake karibu na mkia juu ya pande nene la chuma lililotoka motoni, akitazama rangi zikitambaa kuelekea nchani: kwanza manjano hafifu ya majani makavu, kisha manjano iliyokolea, kahawia, zambarau, na mwisho samawati. Manjano iliyokolea, karibu nyuzi 240, ikigusa makali, patasi itiwe majini papo hapo. Mkia na shingo vitakuwa vimefika samawati, na ndivyo vinavyotakiwa kuwa, kwani huko hatutaki ugumu bali ustahimilivu wa kugongwa.

Hapo ndipo seremala anayejifulia vifaa humshinda mwenye kununua. Patasi ya kuchongea mninga, ambao ni mti wa ugumu wa kati na unaochongeka vizuri, ninaiacha kwenye manjano hafifu na kuinoa mshazari wa nyuzi 25, kwa kuwa inasukumwa kwa mkono na haipigwi sana. Ya mpingo naipeleka hadi manjano iliyokolea na mshazari wa nyuzi 30 hadi 35. Patasi nene ya kutobolea matundu, ile inayogongwa kwa nyundo ya mti na kisha kutumika kubenulia maganda, hufika kahawia. Wachongaji wa vinyago pale Mwenge, Dar es Salaam, wanalijua jambo hili vizuri, na vifaa vyao vingi vimetokana na vyuma chakavu vilivyofuliwa upya kulingana na mkono wa mwenyewe.

Kinoo kina kazi zaidi kuliko watu wanavyokipa. Mgongo wa patasi usuguliwe mpaka sentimita 2 za mwisho ziwe bapa na ziakisi mwanga bila kuvunjika, kwa kuwa makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana, na mshazari mzuri uliokutana na mgongo mbaya hautoi makali. Grenda itumike kwa mguso mfupi na maji karibu: ncha ikigeuka samawati kwenye jiwe, ugumu uliotakiwa umekwenda. Mpini wangu ninaupenda wa mkwaju, au wa shina la mti wa kahawa uliozeeka na kung'olewa shambani, na shingoni ninauvisha noleo, pete iliyokatwa kwenye bomba la chuma, ili usipasuke. Mkia huingizwa katika tundu lililotobolewa kwa kipenyo kidogo kuliko wenyewe, ukagongwa mpaka bega liketi.

Baada ya patasi chache, kisu cha kuchongea na bapa la randa havitakuwa vigumu kufua. Bapa la randa litoke kwenye springi nyembamba na kubaki na milimita 4, na kwa mbao za mvule, ambazo nyuzi zake hupishana na kuchanika zikirandwa, mwili wa randa uchongwe ili bapa lisimame kwenye nyuzi 50 au 55 badala ya 45 iliyozoeleka. Tezo ni kazi ya daraja la juu, kwa sababu ya tundu lake na mpindo wake, na tezo ya waundaji wa majahazi wa Lamu au Nungwi, inayopigwa siku nzima, hutaka ncha iliyolegezwa hadi kahawia inayoelekea zambarau. Msumeno simshauri anayeanza aujaribu. Kuuzima ubapa mwembamba mrefu bila kupinda kunataka vifaa ambavyo karakana ya nyumbani haina.

Patasi mpya ijaribiwe kwenye mti itakaoutumikia, nayo makali yake yatazamwe mwangani baada ya mapigo kadhaa. Yakiwa yamemeguka vijipande, irudishwe kwenye oveni kwa joto lililopanda nyuzi 15 na kunolewa tena. Yakiwa yamejikunja, moto wa kuzimia haukutosha au ulegezaji ulizidi, basi mpini utolewe, patasi itulizwe hewani mara tatu na izimwe upya, safari hii sumaku ikiwa karibu na mkono.